Ukindu Haukatwi Siku ya Kusuka

Barua nyingi zilizofika mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu aliyepewa kazi ya kutunga kila wiki afanye nini pale siku ya kuwasilisha inapofika naye hana hata neno la kuanzia? Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengi.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Tanga, na kwa miaka miwili sasa ninatunga shairi moja kila wiki kwa ajili ya kipindi cha jioni cha redio ya hapa kwetu. Mwaka wa kwanza mashairi yalikuja yenyewe, hata nikawa ninachagua lipi lisomwe na lipi lisubiri. Tangu mfungo wa mwaka huu mambo yamebadilika. Alhamisi usiku ninakaa mezani mpaka chai inapoa, ninaandika mshororo mmoja na kuufuta, na mwishowe ninatoa shairi la mapenzi, la amani au la ugumu wa maisha, lenye vina vya "moyoni", "machoni" na "duniani". Mtayarishaji wa kipindi ameniambia kwa upole kwamba mashairi yangu yameanza kufanana, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeliona hilo kabla yake. Ninafikiria kuacha. Je, kipaji huisha?

Msomaji, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kipaji chako hakijaisha. Kilichoisha ni akiba. Ulipoanza kazi hii ulikuwa na ghala lililojaa tangu utotoni: misiba uliyoishuhudia, maneno ya wazee, mapenzi ya kwanza, safari, hasira ulizozimeza. Kwa mwaka mmoja umetoa humo mashairi 52, na mwaka wa pili umetoa mengine, lakini katika barua yako yote sikuona mahali uliposema kwamba umeingiza kitu. Ghala linalotolewa kila Alhamisi bila kuingizwa lazima sakafu ionekane, hata liwe la nani.

Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi Pangani, alisuka mikeka mpaka macho yalipomkataza. Nilipokuwa mdogo nilidhani kazi yake ni kusuka tu, kwa kuwa ndicho nilichomwona akikifanya barazani kila alasiri, ukili ukirefuka mapajani mwake na vidole vikienda bila yeye kuvitazama. Nilipokua ndipo nilipofahamu kwamba kusuka kulikuwa sehemu ndogo. Kulikuwa na siku ya kwenda kukata ukindu, siku za kuuanika mpaka ugeuke mweupe, siku ya kuuchana, siku ya kuuchemsha katika sufuria la rangi, na tena siku ya kuuanika. Hayo yote yakisha, ukindu ulifungwa vitita kwa rangi zake na kuwekwa uvunguni mwa kitanda. Aliyekuja na haraka ya mkeka wa harusi hakumkuta shangazi akikimbilia porini. Alimkuta akiinama uvunguni.

Wewe, mwanangu, Alhamisi usiku unataka kukata ukindu, kuuanika gizani, kuutia rangi na kusuka mkeka kabla ya alfajiri. Haiwezekani, na hakuna malenga aliyewahi kuliweza hilo kwa miaka miwili mfululizo. Shairi la wiki halishindikani siku ya kulitunga. Linashindikana katika siku sita zilizotangulia, ambazo mtunzi alipita sokoni, msibani, kituo cha daladala na kwenye foleni ya maji bila kuokota kitu.

Kwa hiyo nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, na ulitumie kwa kuokota tu. Usitunge humo. Usitafute vina humo. Andika ulichokiona au kukisikia, kwa maneno yaleyale, pamoja na mahali na siku. Maneno ya watu ni bora kuliko muhtasari wako wa maneno hayo: ukimsikia mama muuza vitumbua akimwambia mteja mwenye deni "leo nakupa, lakini uso wako nimeuandika", usiandike kwamba wafanyabiashara wadogo wanasumbuliwa na wadaiwa. Andika alivyosema yeye. Muhtasari ni ukindu uliooza. Ukiufungua baada ya mwezi hukuti kitu cha kusukia.

Nitakuonyesha tofauti kwa mfano. Unasema unatunga kuhusu ugumu wa maisha. Hilo ni jambo pana mno, na kwa kuwa ni pana, kila anayeliingia hutokea na maneno yaleyale. Sasa acha ugumu wa maisha, nenda utazame lumbesa. Sote tunalijua gunia hilo la viazi au vitunguu lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha wavu juu na kushonwa kwa kamba, likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Simama karibu ulitazame. Kamba inapita wapi? Mkulima anaweka wapi mikono yake wakati kilemba kinashonwa? Nani anazungumza na nani amenyamaza? Nilipolitazama hivyo niliandika ubeti huu:

Gunia limejipamba, kichwani lina lumbesa,
Mwenye jembe, mwenye shamba, mfukoni apapasa,
Kilo za juu ya kamba, kwenye bei zimekosa,
Nauliza, sijagomba, nani kalitenda kosa?

Ninataka uuangalie mshororo wa tatu. Sikuukusudia. Nilikuwa nimekwisha kuchagua kina cha "-mba" katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, nikalazimika kutafuta maneno yanayoishia hivyo, na kamba niliyoiona sokoni ikajileta. Kina ndicho kilichonipa kilo za juu ya kamba, na kilo hizo ndizo dhuluma yenyewe, ambayo nisingeifikia kama ningekaa kufikiri juu ya neno dhuluma. Watu wengi wanadhani kina na mizani ni minyororo inayomzuia mtunzi kusema anachotaka. Mimi nimeona kinyume chake: kwa mtu anayetunga kila wiki, sharti la kina ni msaidizi, kwa kuwa linamsukuma nje ya maneno aliyozoea.

Lakini ni lazima kina kiwe na ugumu kidogo, na hapa ndipo penye ugonjwa wako mkubwa. "Moyoni", "machoni" na "duniani" ni vina vya bure. Nomino nyingi za Kiswahili zinaweza kubeba "-ni" ya mahali mwishoni, kama vile "wake", "kwake" na "yake" zinavyopatikana bila jasho. Mtunzi aliyechoka huvikimbilia vina hivyo kwa sababu havimdai chochote, na kwa kuwa havimdai chochote, havimpi chochote pia. Mtu anayemaliza kila mshororo kwa "-ni" ataimba moyo, macho na dunia mpaka mwisho wa maisha yake. Jipe marufuku ya miezi mitatu: hakuna "-ni" ya mahali, hakuna "-ake". Chukua "-mbe", "-zo", "-shi", "-fu". Wiki mbili za mwanzo utaumia. Wiki ya tatu utajikuta unatunga juu ya vitu ambavyo hujawahi kuvigusa.

Vilevile, toka kidogo katika tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti, ya mizani (silabi) 16 kwa mshororo. Ninajua ndiyo bahari, yaani aina ya shairi, inayopendwa redioni na masikio ya wasikilizaji yameizoea, lakini kila bahari ina mwendo wake, na mwendo huchagua maneno. Utenzi wenye vipande vya mizani 8 unakwenda mbio na unafaa kisa. Ukawafi, wenye mizani 15 iliyogawanyika katika vipande vya 6, 4 na 5, unamlazimisha msomaji apumue mara mbili ndani ya mshororo mmoja, na pumzi hiyo inafaa huzuni. Jaribu kuuchukua ubeti wako wa zamani uliouchoka na kuuhamishia katika bahari nyingine. Mara nyingi hautaingia wote, na kile kitakachobaki nje ndicho kilichokuwa maji tangu awali.

Umeniuliza kuhusu kipaji, nami ninataka nikukumbushe watu wawili ambao hakuna anayekitilia shaka kipaji chao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, anatajwa na wataalamu wengi kuwa ndiye aliyeutoa ushairi wetu katika mambo ya dini peke yake na kuuingiza mjini. Alitunga juu ya vita na siasa za Mombasa ya Mazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji huo, na pia juu ya mambo ya nyumbani. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880 na kufika Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, alipata nyimbo zake katika yale yaliyotokea Ng'ambo ya mji wa Unguja: mashauri ya mahakamani, wakubwa walioiba, wanawake walioonewa. Mmoja wa nyimbo zake unaojulikana sana ulitokana na kisa cha mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni na kisha akatoroka. Nyumba yake ilikuwa mahali pa watu kukutana usiku, na habari za siku ziliingia humo pamoja na wageni. Nikiwatazama wawili hawa sioni vichwa vilivyojaa kuliko chako, mwanangu. Ninaona milango iliyokuwa wazi.

Jambo jingine: unatunga peke yako, na ushairi wa Kiswahili haukuzoea upweke. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi, na raha yake ilikuwa katika kujibizana: huyu anafumba, yule anafumbua, wa tatu anawapinga wote wawili kwa vina vilevile. Mtunzi aliyejibiwa hakuhitaji kutafuta shairi la wiki ijayo, kwa sababu ameletewa. Wewe una redio, una wasikilizaji wenye simu, na bado unasoma shairi lako, unaaga na kuondoka. Malizia shairi kwa swali la kweli ambalo watu wa Tanga watagawanyika juu yake, mwombe mtayarishaji apokee majibu ya beti mbili au tatu, na wiki inayofuata uwajibu. Zungumza naye pia juu ya kupewa wiki moja katika kila tano isomwe kazi ya wasikilizaji peke yake. Hilo halitakupunguzia heshima. Shamba linalolimwa kila msimu bila kupumzishwa hutoa mahindi ya kimo cha goti.

Na kuhusu siku zinazojulikana, usizingoje zifike. Mvua za masika hazimshtui mtu. Nane Nane ni tarehe 8 Agosti kila mwaka. Mfungo na sikukuu ziko katika kalenda. Shairi la Nane Nane litungwe Nane Nane iliyopita, jioni ileile unaporudi kutoka viwanjani na vumbi lingali katika viatu, kisha uliweke. Ukikaa kulitunga mwezi Julai utakumbuka hotuba na mabango. Ukilitunga siku hiyo utakumbuka mzee aliyemshika ng'ombe wa maonyesho pembe na kumpa pole kwa safari. Ukifanya hivyo kwa mwaka mmoja utakuwa na mashairi saba au manane uvunguni, na Alhamisi moja ukiumwa au ukifiwa hutalazimika kuwadanganya wasikilizaji kwa shairi la kuokoteza.

Usiache. Anza kesho, kwa daftari, na kwa siku kumi usitunge kitu. Msome mtu mwingine redioni katika wiki hiyo.

SWALI

Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ninaishi Mombasa na ninatunga majina ya leso kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla. Kila mwezi hutaka majina kumi mapya. Nimekwisha kuwasema majirani, mawifi na wake wenza mpaka nimechoka, na kila nikitunga jipya naona ni lile la mwaka jana limegeuzwa upande. Nifanyeje?

Msomaji, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Kwanza ninakuomba ujadiliane na huyo mfanyabiashara kuhusu neno "mapya". Katika leso, upya hautakiwi kila mara. Pindo na mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, vinaweza kubadilika kila msimu, lakini wapo wanawake wanaoingia dukani wakitafuta jina lilelile alilolivaa mama yao, na methali nyingi zimechapishwa tena na tena bila mtu kulalamika. Nenda mwenyewe Biashara Street asubuhi moja, ukae karibu na wanunuzi, usikilize wanachokisoma kwa sauti kabla ya kuuliza bei. Nadhani utagundua kwamba majina matatu mapya na saba ya wazee yatauza vizuri kuliko kumi ya kulazimisha.

Kuhusu hayo matatu, tatizo lako ni kwamba umemtazama mtu mmoja tu, yule anayesemwa. Jina la leso linahitaji watu wawili: anayelivaa na anayelisoma. Anayelivaa amekosa ujasiri au nafasi ya kusema kwa kinywa, na ndiyo maana anasema kwa nguo. Basi badala ya kujiuliza umseme nani tena, jiulize ni nani katika mtaa wako ana neno asiloweza kulitamka. Hutakuta wivu peke yake. Utamkuta mama ambaye wanawe walilelewa na bibi yao, naye hajamwambia asante. Utamkuta dada aliyepatana na nduguye baada ya kununiana kwa muda mrefu, naye anaona haya kuwa wa kwanza kulitaja. Utamkuta mama ambaye mwanawe yuko Ughaibuni, hela zinafika kila mwezi lakini sauti haifiki. Huyo wa kwanza nimemwandikia "Ulinilelea wangu, nakuenzi wewe". Wa tatu nimemwandikia "Hela nimezipata, nakungoja wewe". Si lazima uyatumie. Nimeyaandika ili uone kwamba hakuna ugomvi ndani yake na bado yanauma.

Kisha lipime kila jina hivi: lisome kwa sauti mbele ya shoga yako bila kumweleza chochote. Akiuliza "unaniambia mimi?", lipeleke kiwandani. Akisema ni zuri, liache kwanza.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, Morogoro. Nikikosa la kutunga huwa ninasoma mashairi ya wengine mpaka nipate wazo. Mwenzangu ananiambia kwamba huo ni wizi. Je, ni kweli?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Marahaba, mjukuu wangu. Zamani, moto ukizimika jikoni, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae kwenda kupaa moto. Alirudi na makaa mawili au matatu, na hakuna aliyemwita mwizi, kwa kuwa kuni zilikuwa za kwao na chungu kilikuwa cha kwao. Mwizi ni yule aliyerudi na chungu cha jirani kikiwa na mboga ndani. Kwa hiyo soma sana, lakini ukishapata kaa lako funga kitabu, ukakae mahali pengine, na usikifungue tena mpaka shairi lako limekamilika. Ukichukua mshororo wa mtu kama ulivyo, mtaje.

Na kwa siku ambazo hata kusoma hakukusaidii, washairi wetu walikuwa na zoezi lao, nalo ni zivindo: kuchukua neno moja lenye maana nyingi na kulizungusha katika beti kila mara kwa maana nyingine. Neno nimekwisha kukupa hapo juu. Kuna kupaa moto, kuna kupaa samaki magamba, kuna ndege kupaa angani, kuna paa la nyumba, na kuna paa wa porini. Hizo ni maana tano, nazo zinatosha beti tano za tarbia. Zitunge wiki hii na uziandike kwa mkono, nami nitazisoma.